Mshahara wa Ntiiji

Karani Kithinji alikuwa akichuja chai ya Bwana Shauri, ofisa mzungu wa wilaya, birika mkono mmoja na chujio mkono wa pili, wakati sefu ilipoanza kuita majina. Hakugeuka. Alimaliza kuchuja, akatia sukari, akafunika kikombe na kisahani kwa sababu ya nzi, ndipo akaenda kufungua dirisha. Lisipofunguliwa, watu wa benchi ya nje walinung'unika kwamba hawasikii, na wakinung'unika Bwana Shauri alikasirika, na akikasirika chai ilirudishwa kwamba ni baridi.

"M'Rukaria wa Igoji," iliita sefu. Ikangoja.

"Kiambi wa Tharaka." Ikangoja.

"Njoka wa Gachoka." Gachoka iko Embu, si Meru, lakini pesa za huyo Njoka zililetwa huku kwa makosa zamani na hakuna aliyepata nafasi ya kuzirudisha.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, ya mabati, njia ya kushuka kutoka Kaaga. Sefu ilikuwa ya chuma, rangi ya kijani, ililetwa kwa gari la ng'ombe wakati wa vita vya Mjerumani. Ndani mlikuwa na mishahara ya watu waliokwenda vitani na hawakurudi, wale wa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani na wale wa vita vya Burma. Ndugu zao hawakuambiwa kuna pesa, kwa hiyo hawakuja. Serikali ikasema pesa zimesahauliwa na wenyewe, ikaziweka.

Sefu ilianza kuita majina mwaka ule wa Hali ya Hatari, watu walipohamishwa kwa nguvu na kuingizwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Sauti yake ilikuwa ya sajini wa zamani, si ya hasira, ya mtu anayetaka kumaliza gwaride akale. Kila alasiri iliita, na baada ya kila jina ilinyamaza kidogo ili mwenye jina aitike. Makarani walijaribu kuiitikia ili ikome, lakini ilijua si wao. Bwana Shauri akaandikia Nairobi. Nairobi ikajibu kwamba bawaba zipakwe mafuta. Kithinji akazipaka. Sauti ikawa laini zaidi, basi.

Mtu akisikia jina la marehemu wake alitakiwa kuleta barua ya mzee wa kijiji, pasi yake mwenyewe ya kutembea, na cheti cha kifo, ambacho kilitolewa pale mtu alipofia. Hakuna aliyewahi kulipwa. Lakini watu walikuja. Mtu akiambiwa jina la mfu wake linaitwa na serikali kila siku, hawezi kukaa nyumbani kumenya viazi.

Jina la mwisho lilikuwa ni lile lile siku zote.

"Ntiiji wa Imenti."

Hapo benchi yote ilicheka, maana ntiiji kwa Kimeru ni kusema sijui.

"Hata pesa imekula kiapo cha msituni!" alisema Beth, mwanamke mnene aliyekuja kumsikilizia kaka yake. "Inaulizwa mwenyewe ni nani, inajibu haijui. Hiyo wataipandisha lori la kambini."

Homgadi, mlinzi mwenyeji wa serikali aliyesimama mlangoni, alicheka pia, kisha akakumbuka kazi yake akanyamaza. Neno hilo halikuwa la kuchezea siku zile. Ukiulizwa nani anapeleka chakula msituni, ukajibu ntiiji, ulipelekwa kambini. Kijana mmoja, Mutegi, alilijibu mara moja tu, na ilikuwa kweli hajui.

Mama yake Mutegi hakucheka. Aliitwa Cicily, mjane, Mmethodisti wa Kaaga, na alikaa mwisho wa benchi ambako kulikuwa na kivuli. Alikuja kusikiliza jina la mumewe, Riungu, aliyekwenda vitani Mutegi akiwa wa kubebwa. Jina la Riungu halikuitwa hata siku moja.

Cicily hakuwa mtu wa kupenda pesa. Alitaka mbuzi. Riungu alipooa alibaki na deni la mbuzi kwa baba yake Cicily, na ili alimalize, aliweka shamba lake la kando ya mto rehani kwa jirani yao Muthamia, akapewa mbuzi. Hiyo ni desturi ya Meru na haina ubaya. Shamba lililowekwa kwa mbuzi linangoja. Hata mjukuu anaweza kuja na mbuzi akalichukua. Lakini sasa wapima wa serikali walikuwa wanakuja na kamba zao, na shamba lolote litakalokutwa mkononi mwa mtu siku ya kamba litaandikwa lake, yeye na uzao wake. Mbuzi hawatakuwa na maana tena.

Muthamia siku hizi alikuwa mzee wa kijiji, ana koti la serikali na bunduki.

"Lete mbuzi kabla ya kamba, mama Mutegi," alikuwa akimwambia kila wakikutana. "Mimi si mwizi."

Na kweli hakuwa mwizi. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Siku moja mlango wa wafanyabiashara, ule wa pembeni, ulikuwa unapakwa rangi, kwa hiyo Bulle akapitia mbele. Bulle alikuwa Msomali wa Meru mjini, mwenye lori na zizi la mbuzi, na alikuja kutafuta kibali cha barabara. Alisimama karibu na benchi akitafuna miraa yake. Sefu ikafika mwisho, ikaita Ntiiji wa Imenti, watu wakacheka.

"Mnacheka nini?" aliuliza Bulle. "Huyo mtu namjua. Nimelala na yeye chini ya lori moja, mvua ya Burma yote."

"Hakuna mtu anaitwa hivyo, Bulle," alisema Beth. "Miraa imekuwa nyingi."

"Miraa ni ya leo, mama, Burma ilikuwa zamani. Alikuwa na kovu hapa kidevuni. Meno ya mbele, moja limepanda juu ya lingine. Usiku anaongea na mbuzi ndotoni."

Cicily alisogea kwenye benchi hadi akatoka kivulini. "Chakula alikula kwa mkono gani?" aliuliza.

"Kushoto. Koplo alimpiga sana kwa hiyo."

"Ni Riungu."

"Sasa ngoja nikuambie," Bulle alisema, akatema. "Siku ya kuandikwa tulipanga foleni, Waislamu mbele, hawa Wameru nyuma. Koplo mwenyewe Mnyasa. Anauliza, jina lako nani? Huyu Kiswahili hajui hata cha kuomba maji. Anasema, ntiiji. Koplo anaandika. Tena yeye ana bahati, wa nyuma yake alikohoa, na koplo alikuwa ameshainua kalamu aandike kikohozi."

"Akaitwa hivyo?"

"Mpaka mto ulipombeba na lori. Mwisho alikuwa akiitika haraka kuliko sisi wenye majina yetu."

Cicily akauliza mbuzi ni pesa ngapi siku hizi. Bulle alimwambia. Akasema pia kwamba anao zizini, wazuri, na kwamba akileta pesa asubuhi, mchana atawaswaga hadi kwa Muthamia yeye mwenyewe. "Mkopo siwezi, mama. Wewe ni mtu wa pasi. Kesho ukikamatwa nitamdai nani, homgadi?"

Kesho yake Cicily aliingia ndani.

Bwana Shauri alikuwa kijana mwenye masikio mekundu, na hakuwa mtu mbaya. Alijua Kiswahili cha kitabu. Kimeru alitafsiriwa na Kithinji.

"Jina la marehemu?"

"Ntiiji," alisema Cicily.

Bwana Shauri akaweka kalamu chini. Neno hilo alilijua, ndilo la kwanza alilojifunza. "Hajui?"

"Anajua, bwana," alisema Kithinji. "Ndilo jina."

"Jina gani?"

"Ntiiji, bwana."

"Hata wewe hujui?"

Walikaa hapo kwa muda. Mwishowe Kithinji aliliandika kwenye karatasi, na Bwana Shauri akaona kwamba kweli ni jina, kwa kuwa lilikuwa na herufi kubwa mbele. Cicily akaeleza kwamba mwenye jina hilo ni mumewe Riungu, na Bwana Shauri akaagiza Muthamia aitwe kama mzee wa kijiji. Muthamia alikuja, akavua kofia.

"Unamjua Riungu?"

"Sana, bwana. Jirani yangu. Ndiye aliniachia shamba."

"Na huyu Ntiiji ni nani?"

"Ntiiji," alisema Muthamia.

Kithinji aliandika kwamba mzee wa kijiji hajui. Muthamia alishukuriwa kwa msaada wake, akapewa chai.

Bulle hakuweza kushuhudia. Ushahidi wa Msomali juu ya Mmeru ulikuwa na faili lake, na faili hilo lilikuwa Isiolo.

"Mama," alisema Bwana Shauri, "mimi nataka kukusaidia. Kama Riungu na Ntiiji ni mtu mmoja, sharti aje yeye mwenyewe aseme hivyo mbele yangu. Aweke kidole gumba."

"Amekufa, bwana."

"Ndiyo, tunayo habari hiyo." Alipekua karatasi zake. "Alhamisi ina nafasi."

Cicily alikuwa na pasi ya kuokota kuni. Aliitumia kwenda kwenye boma lao la zamani, lile lililochomwa siku ya kuhamishwa. Nyasi zilikuwa zimeota, lakini mawe ya jiko yalikuwa pale pale. Kanisani walifundishwa kwamba wafu hawaitwi. Cicily aliona hili si kumwita, ni kumpelekea samansi. Akasimama mbele ya mawe.

"Baba Mutegi," alisema, "unatakiwa ofisini. Alhamisi. Wanataka kidole chako."

Kisha akaokota kuni, maana pasi ilisema kuni.

Riungu alifika Jumatano, wakati wanawake wanatoka kuchimba handaki. Alikuja kwa miguu. Buti zake zilikuwa na udongo wa rangi isiyo ya Meru, na nguo zilikuwa zikichuruzika maji. Homgadi wa lango hakumuuliza pasi kwa sababu alikuwa amevaa kaki, na kaki ilikuwa pasi.

Alikuwa na umri ule ule aliokwenda nao. Beth alimwangalia juu mpaka chini.

"Mama Mutegi, huyu kijana ulimficha wapi wakati wa kuhesabiwa?"

"Ni mume wangu."

"Mume?" Beth alizunguka upande wa pili. "Haki ya Mungu, jembe limekumaliza wewe peke yako. Hebu mwambie na mimi nipeleke jina Burma."

Ndani ya nyumba Cicily alimtandikia gunia akalie, maana sakafu ilikuwa inalowa. Alimpa uji, hakunywa. Riungu alimuuliza kuhusu Mutegi.

"Amekuwa mkubwa kama wewe," alisema Cicily. "Yuko kambini, kule kwenye joto."

"Amefanya nini?"

"Aliulizwa kitu asichokijua."

Riungu alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeijua habari hiyo. Kisha akawa anaitazama mikono ya mkewe, ile mikono iliyochimba handaki, na akaitazama kwa muda mrefu.

"Usiniangalie mimi," alisema Cicily. "Angalia moto."

"Shamba la mto bado unalo?"

"Ukienda kesho, nitakuwa nalo."

"Nitaenda," alisema Riungu.

Asubuhi gunia lilikuwa limelowa kabisa na ilibidi lianikwe.

Alhamisi alasiri benchi ilijaa. Habari zilikuwa zimefika mbali, lakini watu hawakusukumana. Walimpa Riungu nafasi ya kukaa, na waliokaa karibu naye wakakunja nguo zao zisilowe. Bulle alisimama barabarani na fimbo yake, na mbuzi wakiwa nyuma yake, wametiwa alama ya rangi. Alimwona Riungu, akamwinulia mkono. Riungu akainua wake wa kushoto.

Sefu iliita. M'Rukaria, Kiambi, Njoka, na wengine wote. Ikafika mwisho.

"Ntiiji wa Imenti."

Riungu alisimama, visigino pamoja. "Afande!"

Mlango wa sefu ukafunguka wenyewe, taratibu, kama mlango wa ghala, na kwenye rafu ya kati bunda moja la noti lilikuwa limesogea mbele ya mengine. Lilifungwa kwa waya wenye kibati. Kithinji alilichukua, akalihesabu mbele ya watu, akaliweka mezani. Zilikuwa zinatosha mbuzi, na kubaki.

Bwana Shauri alifurahi kweli kweli. Tangu aje, hilo lingekuwa faili lake la kwanza kufungwa. Alifungua kidau cha wino, akamsogezea Riungu karatasi, kisha akasema, kwa kuwa ndivyo ilivyosemwa kabla ya kidole chochote cha Mmeru au Mwembu kuwekwa mahali popote:

"Pasi?"

Riungu hakuwa na pasi. Alipokufa hazikuwepo.

"Kipande?"

Kipande, kile cha kuandikishwa, kilizama naye mtoni.

Bwana Shauri alichukua muda akimtazama. Mbele yake alikuwa Mmeru kijana, mwenye buti za jeshi, asiye na pasi, asiyeandikwa kijiji chochote, asiyelipa kodi ya Hali ya Hatari hata mara moja. Sheria juu ya mtu wa namna hiyo ilikuwa fupi na ilibandikwa ukutani. Alikitazama kidole, akaitazama sheria, akafunika wino.

Wachunguzi walikuwa na meza yao verandani. Kulikuwa na mzungu wa kuandika na mtu aliyevaa gunia kichwani lenye matundu mawili, ambaye kazi yake ilikuwa kutambua watu wa msituni bila kuonekana uso. Riungu aliwekwa mbele yao.

"Jina lako?"

Riungu alimgeukia Cicily. Akijiita Riungu, zile noti mezani hazikuwa zake. Watu wote wa benchi waliliona hilo, na Cicily aliliona kabla yao. Hakumpa ishara yoyote. Alishika tu fundo la leso yake, akangoja.

"Ntiiji," alisema Riungu.

Mzungu akaandika kitu.

"Unatoka wapi? Nani alikulisha msituni?"

Swali hili Riungu hakulielewa, kwa maana hakuwahi kulala katika msitu wa huku. "Ntiiji," alijibu, na safari hii alikuwa anasema kwamba hajui. Hakuna sikio lililoweza kutofautisha. Kithinji, aliyekuwa akitafsiri, alifungua mdomo kueleza. Akaliona lori limeegeshwa, injini inawaka. Akaufunga.

Mtu wa gunia akatikisa kichwa juu na chini.

"Bwana," alisema Cicily, akimfuata Bwana Shauri ndani, "huyo amekufa. Mtamfunga mtu aliyekufa mpaka lini?"

"Mpaka aungame, mama." Bwana Shauri alisema hivyo kwa huruma. Alilichukua bunda, akalirudisha kwenye rafu kwa mkono wake mwenyewe. "Pesa ya mtu aliye kizuizini haiguswi. Hiyo ni kwa faida yake. Akitoka atazikuta zote."

Lori liliondoka. Kwa muda mrefu barabarani palibaki mstari mwembamba wa maji, mpaka jua likaukausha. Bulle alingoja kidogo, labda kuna neno. Akawageuza mbuzi, na wiki hiyo akawauzia mchinjaji wa Maua.

Wapima walikuja mvua ilipokata. Walivuta kamba kutoka mtoni hadi barabarani, na vijana wakapanda miche ya mkonge kwenye mpaka. Aliyekutwa shambani ni Muthamia. Cicily alisimama ng'ambo na wengine, kama inavyoruhusiwa. Aliulizwa kama ana mbuzi. Akasema hana. Ikaandikwa.

Watu walioachiliwa kutoka kambini walileta habari. Mutegi na baba yake walikuwa wamewekwa banda moja, na walinzi waliwachukulia kuwa ni ndugu. Wenzao mwanzoni walilalamika kuhusu maji, kisha wakachimba kimfereji kidogo kutoka pale Riungu alipolala hadi mlangoni, mambo yakawa sawa. Kila asubuhi alitolewa, akaulizwa, akajibu lile lile, akarudishwa. Alipewa posho kamili ya unga kama kila mtu, na kwa vile hakula, ilimfikia Mutegi. Walisema Mutegi amenenepa kidogo. Cicily aliwauliza mara mbili kama ni kweli, wakasema ni kweli.

Mwezi uliofuata Muthamia alipata kibali cha kupanda kahawa, kwa kuwa alikuwa mtiifu kwa serikali, na akatafuta watu wa kuchimba mashimo kwenye lile shamba la mto. Cicily alikuja na jembe lake. Muthamia alimwonyesha mstari wake, akampimia kina kwa fimbo.

"Unalipa lini?" aliuliza Cicily.

"Mwisho wa mwezi. Au nikuwekee tu pesa yako, mama Mutegi?" Muthamia alisema hivyo kwa nia njema. "Kule kijijini utaibiwa. Kwangu haipotei."

Cicily alitemea mate viganja vyake, akavisugua, akaanza shimo la kwanza.